Wasomaji Wanauliza: Riziki ya Mwanamuziki Kabla ya Jina

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu kutoka Lubumbashi zinagusa jambo moja, nalo ni riziki ya mwanamuziki ambaye bado hajulikani. Tumechagua nne, tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyaacha kama walivyoomba.

Swali

Yaya, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 26, ninaishi Katuba, na ninapiga gitaa la solo katika kikundi cha watu wanne. Kila Jumamosi tunapiga kwenye buveti moja, yaani baa ndogo, ya Kamalondo kuanzia saa moja jioni hadi saa saba usiku. Mwenye buveti hutupa dola 50. Tukishalipa sono, yaani vyombo vya sauti vya kukodi, dola 20, na teksi ya kubeba vyombo dola 6, kinachobaki hakimfikishi mtu Jumatatu. Siku za kazi ninauza muda wa simu na kutoa huduma ya M-Pesa chini ya mwavuli karibu na soko. Wenzangu wananiambia kwamba msanii wa kweli hakai chini ya mwavuli, na kwamba nikiacha biashara hiyo na kushika gitaa peke yake ndipo mlango utakapofunguka. Je, wanasema kweli? Na wale waliotutangulia waliishi namna gani?

*Mpiga gitaa, Katuba*

Jibu

Mdogo wangu, wenzako wanakupotosha, na ninasema hivyo nikijua kwamba pengine wanakutakia mema. Kisa cha msanii aliyeacha kila kitu, akashinda njaa, kisha siku moja akaamka tajiri, ni kitamu kusimuliwa redioni, lakini wengi wa wale tunaowaheshimu hawakuishi hivyo.

Tuanze na mji wako mwenyewe. Jean-Bosco Mwenda, ambaye wengi wanamjua kama Mwenda wa Bayeke, alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, na upigaji wake wa gitaa kwa vidole ukasafiri mbali, hata kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya kikajifunza kwake alipokaa Nairobi kwa muda, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa na kipindi chake redioni. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport nchini Marekani. Mtu huyo huyo, katika maisha yake ya Lubumbashi, aliajiriwa benki, alifanya kazi na kampuni ya madini ya Gécamines, aliongoza bendi, na alimiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Sijamsikia hata mpiga gitaa mmoja wa Katanga akisema kwamba meza ya benki ilimpunguzia Mwenda heshima.

Mwimbaji Wendo Kolosoy, kabla sahani yake ya muziki ya mwaka 1948 haijamtangaza Kongo nzima, alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli za mto, na aliwahi pia kupigana ngumi kwa malipo. Mbali na kwetu, mwimbaji Mmarekani Bill Withers alikuwa kiwandani akiunda vyoo vya ndege wakati sahani yake ya kwanza ilipotoka mwaka 1971, na hakuharakisha kuiacha kazi hiyo kwa sababu aliona kwamba biashara ya muziki haitegemeki. Mtunzi Philip Glass aliendesha teksi mjini New York, na hata baada ya opera yake kuonyeshwa katika jumba la Metropolitan mwaka 1976 alirudi kwenye usukani, kwa kuwa kujaa kwa ukumbi hakukuwa kumelipa madeni yake.

Kwa hiyo mwavuli wako si aibu. Swali linalostahili kuulizwa ni kama kazi yako ya mchana inakuachia vidole vyako na jioni yako, kwa sababu si kila kazi inafanya hivyo. Kijana anayeshuka mashimoni kuchimba madini hupata pesa za haraka, lakini nimewaona wapiga gitaa waliorudi kutoka huko na mikono migumu isiyoweza tena kubana kamba. Ulinzi wa usiku nao unachukua Jumamosi, ambayo ndiyo siku ya mavuno yako. Biashara yako unaweza kuifunga saa kumi, inakukutanisha na watu wenye arusi na sherehe, na mteja asipokuwapo gitaa linaweza kukaa mapajani. Chunga jambo moja tu: mtaji wa M-Pesa si mfuko wa kikundi. Siku utakapoutoa ili kukomboa gitaa la mwenzako, utakuwa umefunga biashara bila kujua.

Nimeisoma barua yako nikaona kwamba kinachokuumiza hasa ni zile dola 50. Ukitoa sono na teksi zinabaki 24, yaani dola 6 kwa kila mmoja wenu kwa saa sita za kazi, na sehemu kubwa ya malipo yenu inakwenda kwa mtu ambaye hajapiga hata noti moja. Hapo ndipo pa kushika. Katika historia ya bendi zetu, mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mkubwa, na mwanamuziki aliyekosana naye aliondoka na nguo zake tu, hata kama nyimbo zilikuwa za kwake. Ninyi ni wanne, mnaaminiana, na likelemba, yaani kuchangiana pesa kwa zamu, mnaijua. Anzeni kuweka kando kiasi kidogo kila Jumamosi, hata dola moja kila mtu, pamoja na pesa zote za arusi moja au mbili, mpaka mpate amplifaya na spika mbili zilizokwisha kutumika lakini nzima. Zikiwa zenu, ile 20 inabaki mfukoni, na katikati ya wiki mnaweza kuzikodisha kwa matanga, kwa sherehe za mitaani, kwa makanisa madogo ambayo hayana vyombo. Andikeni tangu siku ya kwanza nani ametoa nini, na anayeondoka atarudishiwa nini, kwa maana vikundi vingi vimevunjika kwa spika kuliko kwa nyimbo.

Mpaka hapo mtakapofika, zungumzeni upya na mwenye buveti, tena kwa heshima, na mchana, wakati hana wateja. Mwombeni alinganishe kreti za bia anazouza Jumamosi ya muziki na zile za siku isiyo na muziki. Yeye hesabu hiyo anaijua. Ninyi ndio hamjawahi kumwuliza. Anaweza kukubali kulipa sono yeye mwenyewe, au kuwapa sehemu ya mauzo yanayozidi kiwango mtakachokubaliana, au angalau kupunguza saa sita ziwe nne. Mnapotaja bei msiombe radhi. Tangu zamani buveti na bendi zimekuwa zikilishana: hata jina la OK Jazz, bendi iliyozaliwa mwaka 1956, lilitokana na baa ya Oscar Kashama iliyowapa mahali pa kupigia.

Arusi zinalipa kuliko buveti, lakini zina msimu. Kiangazi chetu, kuanzia Mei hadi Septemba, ndicho chenye sherehe nyingi. Mvua ikianza, nyua zinajaa tope na terasi zinabaki tupu. Mwanamuziki anayekula Agosti kana kwamba Januari haipo ndiye anayeuza gitaa Januari. Kwa arusi chukueni avansi ya nusu, na nusu nyingine ilipwe kabla ya wimbo wa mwisho, kwa sababu familia ikishatawanyika hakuna anayekumbuka nani aliyeahidi. Usidharau pia kufundisha watoto gitaa siku ya Jumapili mchana, wala kutunga nyimbo fupi za matangazo kwa maduka na famasi. Édouard Masengo, binamu yake Mwenda, naye aliimba matangazo ya biashara, na hilo halikumzuia kubaki mtunzi anayekumbukwa.

Swali

Ninawasalimu. Mimi ni mama wa watoto watano, ninaishi Kampemba. Mtoto wangu wa tatu ana miaka 17 na amebakiza mwaka mmoja tu kufika mtihani wa Serikali. Sasa anasema shule inamchelewesha. Anataka niuze friza yangu, ambayo ndani yake ninauza samaki wa thomson na maji baridi, ili alipie video ya wimbo wake. Kila ninapokataa ananitajia Innoss'B, kwamba alikuwa nyota angali mtoto. Tangu wiki mbili hasemi nami. Nifanye nini?

*Mama, Kampemba*

Jibu

Mama mpendwa, usiuze friza. Ninalitanguliza neno hilo ili usilitafute katikati ya maelezo.

Mwanao amekutajia mfano mzuri, basi tumsomee wote. Innoss'B alizaliwa Goma mwaka 1997, akaanza kuimba utotoni pamoja na kaka zake katika kikundi chao, Maisha Soul, na mwaka 2010, akiwa na miaka 13, alishinda shindano la uimbaji la nchi nzima. Wimbo uliomvusha mipaka ya Kongo, ule aliourudia pamoja na Diamond Platnumz, ulitoka mwaka 2019. Kati ya ushindi ule na wimbo huu kuna miaka tisa ya kazi, na kabla ya ushindi kulikuwa na nyumba nzima ya wanamuziki iliyomlea. Video moja haikufanya lolote kati ya hayo.

Kuna mfano mwingine unaokuhusu wewe zaidi. Mpiga gitaa Franco Luambo alifiwa na baba yake mwaka 1949 akiwa mtoto. Mama yake aliuza mikate sokoni Léopoldville, Kinshasa ya leo, naye Franco alikaa mbele ya meza hiyo akipiga gitaa la kujitengenezea ili wapita njia wasimame na kununua. Alirekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1953, akiwa na miaka 15. Meza ya mama ndiyo iliyomlisha mpaka gitaa lilipoanza kumlisha, na katika nyumba yenu meza hiyo ni friza yako. Mwanao anaweza kujibu kwamba Franco naye hakumaliza shule. Ni kweli, lakini Franco hakuwa na mtu wa kumlipia ada, na yeye anaye.

Kuhusu video, hesabu ni hii. Kusikilizwa mara moja katika majukwaa ya intaneti humletea msanii sehemu ndogo tu ya senti, na tangu mwaka 2024 Spotify haiulipi kabisa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi kumi na miwili. Video ni tangazo, na tangazo linamfaa mtu aliye na kitu cha kuuza, yaani kikundi kilichofanya mazoezi, maonyesho yanayomngoja, na namba ya simu ya kupokea maombi. Kijana wa miaka 17 ambaye hajaimba mbele ya watu 50 anatangaza duka lisilo na bidhaa. Hata kujulikana kwenyewe hakulipi daima: Boubacar Traoré wa Mali alisikika redioni kila siku miaka ya 1960, na bado ilimbidi kushona nguo, kulima, na baadaye kwenda Ufaransa kufanya kazi ya ujenzi.

Hata hivyo, Mama, kumkatalia peke yake hakutoshi. Kabla hamjazungumza tena kuhusu pesa, mwombe akuimbie wimbo huo, ukae, uusikilize hadi mwisho, na umwambie ulichokipenda ndani yake. Watoto wengi wanaodai video wanadai kwanza wasikilizwe nyumbani. Kisha mpeni masharti yanayoeleweka: amalize mtihani, aimbe katika kwaya au kikundi cha mtaa Jumamosi na Jumapili, arekodi sauti tu katika studio ndogo kwa pesa atakazochangia yeye mwenyewe, na akipata cheti apewe mwaka mmoja wa kujaribu bila kusemwa. Ukimpa mwaka huo, uutimize kweli. Mwalimu mmoja wa muziki au mpiga gitaa mzee wa mtaani kwenu akimwambia maneno haya haya, atayapokea kwa urahisi kuliko yakitoka kwako.

Swali

Mimi ni atalaku, yaani mpiga kelele za kuchangamsha katika bendi, ninaishi katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Tajiri mmoja wa biashara ya madini ameniahidi dola 200 nikilitaja jina lake mara nne katika wimbo tutakaorekodi. Mchungaji wangu anasema kutupa mabanga, yaani kutaja majina ya watu katika wimbo kwa malipo, ni kujiuza. Kodi ya nyumba nina deni la miezi miwili.

*Atalaku, Kenya*

Jibu

Ndugu yangu, mchungaji wako anakutakia mema, lakini mimi siwezi kukuhukumu hivyo. Kumsifu mtu kwa wimbo na kupokea kitu kwa ajili yake ni desturi ya zamani kwetu: Waluba wana kasala, inayotaja ukoo na matendo ya mtu mbele ya watu, na anayeitoa hupewa zawadi, pwani nao humtuza mwimbaji wa taarabu akiwa jukwaani. Mabanga ni majirani wa mambo hayo.

Ninachokiogopa ni sahani. Jina ulilolitupa kwenye arusi limekwisha kabla ya asubuhi, bali lililorekodiwa litabaki na wewe hata siku tajiri huyo atakapofilisika, atakapokamatwa, au atakapogombana na mwenye redio. Akiwa mwanasiasa, hatari ni kubwa zaidi, na hapo ushauri wangu ni kukataa. Akiwa mfanyabiashara tu, rekodini wimbo mara mbili, mmoja ukiwa na jina lake na mwingine bila hilo jina, na pesa zote ziwe mkononi kabla hujaingia studio, kwa kuwa dola za ahadi hazilipi kodi. Mwelezeni pia waziwazi kwamba ananunua kutajwa, hanunui wimbo. Kwa sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za watunzi, kazi ni mali ya aliyeitunga. Mwandikisheni mtunzi wenu na nyimbo zake SOCODA, shirika la haki za watunzi lililochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011, hata kama faida yake haitaonekana kesho.

Na zile 200 si zako peke yako. Jina hilo litabebwa na besi, na ngoma, na gitaa, kwa hiyo zigaweni siku hiyo hiyo.

Swali

Ninaimba kwenye buveti ya Kamalondo tangu mwaka jana. Malipo yangu ni bakshishi za wateja tu. Sasa mwenye buveti anataka nikishuka jukwaani nikae mezani na wateja wakubwa, “ili wanywe zaidi”. Nikikataa anasema wasichana wa kuimba wako wengi. Wanaume wa bendi wananyamaza. Ninaupenda muziki na sina kazi nyingine.

*Mwimbaji, Kamalondo*

Jibu

Dada yangu, ondoka hapo. Anayekulipa kwa bakshishi peke yake hajakuajiri, na anayekupangia meza ya kukaa anataka kuuza kitu ambacho si sauti yako. Usingoje mpaka jambo baya zaidi litokee ndipo uwe na sababu. Kabla hujaondoka waambie wanabendi, wote wakiwa pamoja, kile ulichoambiwa. Wakisimama nawe, mtatafuta mahali pengine mkiwa kikundi. Wakiendelea kunyamaza, utakuwa umejua kwamba huachi kikundi, kwa sababu hukuwa nacho.

Tshala Muana, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1958, alianza Kinshasa mwaka 1977 akiwa mchezaji katika kundi la M'Pongo Love, mwanamke aliyekuwa na bendi yake mwenyewe, na kuimba kwake kulikuja baadaye. Ninalitaja hilo kwa sababu kuanzia nyuma ya mwanamke mwenzako aliyekwisha kuijua njia ni njia salama kuliko kuanzia peke yako mbele ya meza za bia. Watafute wanawake wanaoongoza kwaya, wanaopanga muziki wa arusi, na wanaotoa mafunzo katika vituo vya utamaduni, na uwaombe nafasi ya kuitikia. Studio nyingi zinahitaji sauti ya pili na hulipa kwa wimbo. Omba pesa siku ile ile ya kurekodi. Sherehe za mchana, mahari, ubatizo, na mikutano ya vikundi vya akina mama hazina umaarufu wa Kamalondo, lakini unarudi nyumbani jua likiwapo, na aliyekualika ana anwani na ndugu wanaomjua.

Kila unapokubaliana na mtu, mtumie ujumbe wa simu unaosema tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na malipo, na usiende kabla hajajibu kwamba amekubali. Teksi ya kurudi iandike peke yake, usiichanganye na malipo ya kuimba, kwa sababu familia zikianza kuvutana bei hukata jumla yote bila kujua kwamba zinakata nauli yako ya saa sita usiku.